Treni ilifika Mbeya mwaka gani? Majibu matatu, na yote ni ya kweli

Waulize wazee watatu wa Iyunga, mahali ilipo stesheni ya Mbeya, treni ilifika Mbeya mwaka gani, uone. Wa kwanza atakwambia 1973. Wa pili atashikilia 1975 na hasogei hapo. Wa tatu, ambaye siku hiyo pengine alikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi, atasema 1976. Kijana aliyetumwa kukusanya historia ya mtaa huandika yote matatu, kisha akifika nyumbani anafuta mawili na kubakiza lile alilolikuta kitabuni. Hapo hapo amepoteza theluthi mbili ya habari aliyopewa, maana wazee wote watatu wamesema kweli.

Tuanze na wa kwanza. Jiwe la msingi la Reli ya Uhuru, yaani TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, liliwekwa Oktoba 1970, na upande wetu njia ilitandikwa kutoka Dar es Salaam kuja magharibi. Agosti 1973 reli zikafika mpakani Tunduma. Haziwezi kufika Tunduma bila kupita Mbeya, kwa hiyo mwaka huo treni zilikuwa zinapita hapa. Lakini zilikuwa treni za kazi: zimebeba reli, mataruma, kokoto, saruji na watu wa ujenzi, zinaelekea upande wa Zambia. Abiria hakuzipanda. Mzee wa pili anasimulia Oktoba 1975, miezi michache baada ya reli kufika Kapiri Mposhi, mwisho wake huko Zambia, huduma za majaribio zilipoanza. Wa tatu anasimulia Julai 1976, China ilipoikabidhi reli rasmi kwa Tanzania na Zambia.

Kwa hiyo mwaka anaoutaja mtu unakueleza alikuwa amesimama wapi. Anayesema 1973 huenda alikuwa kibarua wa ujenzi, au shamba la kwao lilipakana na tuta. Anayesema 1975 ana uwezekano mkubwa wa kuwa abiria au mfanyabiashara. Swali la "mwaka gani" linamlazimisha mtu kutoa tarakimu, na tarakimu ndicho kitu cha kwanza kuchakaa kichwani. Muulize hivi: "Shikamoo mzee. Hiyo treni ulipoiona mara ya kwanza, ilikuwa imebeba nini?" Akisema mataruma, umepata mwaka bila kuuliza. Akisema watu na mizigo yao, umepata mwingine.

Nashikilia jambo hili kwa sababu stesheni za nyanda za juu kusini zinakaribia kubadilishwa kuliko wakati wowote tangu zijengwe. Mwaka 2025 ulitiwa saini mkataba wa ukarabati na uendeshaji wa TAZARA na kampuni ya Kichina, wa miaka 30, wenye thamani ya dola bilioni 1.4. Reli ikarabatiwe, naam, imechelewa hata. Ila ukarabati hubadilisha mataruma, hufukia mitaro ya zamani, husafisha maeneo ya pembeni na kuvunja vibanda. Asiyejua kilichokuwepo hatajua hata kilichoondolewa.

Kabla ya kufika kwenye stesheni yenyewe, kuna mtego mmoja unaowanasa wengi. Mzee sana wa Iringa au Mbeya akikwambia alisafiri "kwa reli" miaka ya 1950, usimwone amechanganyikiwa. Zamani za Waingereza, Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki liliendesha mabasi na malori katika nyanda hizi, kwa kuwa reli ya kati iliishia kupita Dodoma na Itigi, mbali huko kaskazini. Mtu alipanda basi la reli Mbeya, akapita Iringa, akashuka Dodoma, ndipo akapanda treni. Lilikuwa gari la matairi, mali ya reli, na watu wakaliita la reli. Hoteli ya zamani iliyo katikati ya mji, Mbeya Hotel, nayo ilikuwa ya shirika hilo hilo. Iringa mjini hadi leo haina reli, lakini ina watu waliokuwa na uhusiano na reli miaka ishirini kabla ya TAZARA. Ukikusanya kumbukumbu za Iringa, uliza kituo cha mabasi ya reli kilikuwa upande gani, karakana yake ilikuwa wapi, mizigo ilipimwa wapi. Habari hizo hazitafutwi karibu na reli, ndiyo maana hakuna anayezitafuta.

Sasa stesheni. Ya Mbeya haikujengwa mjini. Iko Iyunga, kilomita kama nne kutoka katikati ya mji, jirani na barabara kuu ya kwenda Tunduma. Mgeni anaweza kudhani ni makosa ya mpangilio, lakini treni nzito haiwezi kupanda mteremko wa mji uliojengwa chini ya mlima. Tayari kwa kufika Mbeya imeshavuka Uyole, sehemu iliyo juu kuliko zote katika kilomita 1,860 za njia hii, mita 1,789 kutoka usawa wa bahari. Umbali huo kati ya stesheni na mji ulizaa kazi zake: wabeba mizigo, wenye mikokoteni, magari madogo ya kusubiri abiria, mama ntilie wa usiku, nyumba za kulala wageni. Treni ikichelewa saa sita, watu hao ndio waliokuwa mji. Treni zilipopungua, hao wakaondoka kwanza, kabla ukuta wowote haujapasuka. Jengo limebaki na ukumbi wake mrefu wa zege, mazingira yake yamekwenda. Kwa hiyo mtu anayepiga picha jengo peke yake, hata awe na kamera nzuri namna gani, anapiga picha ya kitu ambacho hakijapotea.

Vilivyopotea viko pembeni. Cha kwanza ni kambi za ujenzi. Mwaka 1972, kazi ilipopamba moto, kulikuwa na Wachina wapatao 13,500 na Waafrika wapatao 38,000 kwenye ujenzi wote. Watu wengi hivyo hulala mahali, hula, huchota maji, hulima mboga. Kambi ziliposogea mbele, turubai na mabati yakasogea nazo. Kinachobaki ni ardhi: eneo lililosawazishwa pasipo na sababu ya kusawazishwa, kisima kilichofukiwa, msingi wa zege mdogo usiofanana na nyumba za kijiji, safu ya mikaratusi iliyonyooka kama imepigwa kamba. Mkaratusi unaoota wenyewe haukai mstari. Ukiona safu, kuna mtu aliyepima. Simama hapo na mwenyeji wa umri wa kutosha, muulize palikuwa pa nani.

Cha pili watu hukisahau kabisa, kwa kuwa kiko ndani ya nyumba zao. China ilitoa mkopo usio na riba, na gharama za ndani, kama mishahara ya vibarua, zililipwa kwa sehemu kubwa kwa fedha zilizotokana na mauzo ya bidhaa za Kichina katika maduka ya hapa. Kwa maneno mengine, mwananchi aliyenunua bidhaa ya Kichina dukani mwanzoni mwa miaka ya 1970 alichangia mshahara wa kibarua aliyekuwa anachimba tuta. Sahani ya bati, chupa ya chai au taa ya kandili ya enzi hizo iliyobaki kabatini kwa bibi inaweza kuwa sehemu ya historia ya reli kuliko picha ya waziri akikata utepe. Ipige picha juu na chini. Chini ndiko kwenye muhuri.

Cha tatu ni vijiji. Reli ilijengwa katika miaka ile ile ya vijiji vya ujamaa, na Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976 ikahamisha watu wengi, wengine wakisogezwa karibu na njia. Matokeo yake ni kwamba jina lililoandikwa kwenye ubao wa stesheni na kijiji kinachotumia jina hilo leo vinaweza visiwe mahali pamoja. Jina huweza kuwa la mto, la kilima, la kijiji kilichohama. Kwa kila kituo kidogo kati ya Makambako na Tunduma kuna maswali mawili tu ya kuanzia: jina hili lilikuwa la nini kabla ya reli, na waliokuwa wanaishi hapa walikwenda wapi? Tahadhari moja: watu huchanganya kuhamishwa kupisha reli na kuhamishwa na Operesheni. Aliyepisha reli alihama yeye na jirani zake wachache waliokuwa kwenye mstari. Aliyehamishwa na Operesheni alihama na kijiji kizima. Uliza ni nani mwingine alihama siku hiyo, jibu litajitenga lenyewe.

Kipande cha Mlimba hadi Makambako nakitenga, kwa sababu huko kumbukumbu ni ya namna nyingine. Hapo reli inapanda kutoka bonde la Kilombero kuja nyanda za juu, na wajenzi walipata taabu kuliko mahali pengine popote: mahandaki 18 kati ya yale ya njia nzima, madaraja 46, na lile la mto Mpanga lenye nguzo zinazofikia mita 50. Mvua ikizidi, udongo huporomoka njiani, mitaro ikiziba maji hula tuta kwa chini. Vipo vijiji katika kipande hicho ambavyo kwa miaka mingi havikuwa na barabara ya maana. Treni ndiyo ilikuwa barabara, duka na gari la wagonjwa. Ndizi, mchele, kuku na mihogo vilipandishwa dirishani, na nguo, chumvi, sabuni na mafuta ya taa vikashushwa.

Soko la dirishani lilikuwa na utaratibu wake, na utaratibu huo ndio wa kuandikwa. Treni inasimama dakika chache. Muuzaji hana muda wa kutembea behewa hadi behewa, kwa hiyo lazima ajue mapema behewa la daraja la tatu litasimama usawa wa wapi. Bei lazima iwe ya noti moja au sarafu kamili, kwani chenji ndiyo inayompotezea mtu mali: treni ikishaondoka, ama abiria amebaki na ndizi bila kulipa ama muuzaji amebaki na noti ya mtu. Fungu hupangwa lilingane na bei, si bei ilingane na fungu. Mizigo mikubwa ilikuwa na watu wake wa kupokea upande wa pili. Ukimuuliza mama aliyefanya biashara hiyo "maisha yalikuwaje," atasema yalikuwa mazuri, basi. Muulize: fungu la ndizi lilikuwa na ndizi ngapi? Ulisimama wapi, karibu na nini? Treni ikija usiku ulimulika na nini? Chenji ilikuwa inakaa wapi? Hapo atainuka kwenye kigoda na kukuonyesha kwa mikono.

Upande wa mizigo, tafuta mizani. Huku kwetu viazi vya Njombe na Mbeya huuzwa kwa gunia, na gunia lenyewe ni lumbesa, limejazwa mpaka limevimba na kushonewa kofia juu. Reli haijui lumbesa. Reli inatoza kwa kilo. Kwa hiyo gunia moja lilikuwa na maisha mawili: shambani ni gunia, kwenye mizani ya stesheni ni uzito. Mkulima aliyezoea kuhesabu magunia hugundua kwamba gunia lake "moja" linalipiwa kama moja na nusu, na ugomvi wote wa bohari unaanzia hapo. Karani wa mizigo anaukumbuka ugomvi huo kwa namna yake, mbeba mizigo kwa namna yake, mkulima kwa namna yake. Usikubali mmoja akusimulie kwa niaba ya wenzake. Na kama mizani yenyewe bado ipo mahali, hata imeota kutu, iandikwe ilipo kabla haijaenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

Kwa nini kazi hiyo yote ilikauka inajulikana, nisikae sana. Njia ilipangwa kubeba mamilioni ya tani kwa mwaka, ikabeba zaidi ya milioni 1 katika miaka yake mizuri, na mwaka wa fedha 2014/15 ikashuka chini ya tani 90,000. Vichwa vya kwanza vya Kichina vililemewa na milima ya Mlimba hadi Makambako, ndipo katika miaka ya 1980 vikaletwa vingine vyenye nguvu vilivyotengenezwa Ujerumani. Njia za kusini, za kupitia Zimbabwe na Afrika Kusini, zikafunguka tena kwa Zambia, malori yakajaa barabara kuu, matengenezo yakadorora. Katika habari hiyo kuna faida moja kwa mkusanyaji: kichwa cha treni kinachoonekana nyuma ya watu kwenye picha ya zamani kinaweza kukupa muongo. Kama ni kile chenye nguvu cha Mjerumani, picha haiwezi kuwa ya kabla ya miaka ya 1980, hata nyuma yake iwe imeandikwa 1976. Nakili namba iliyopakwa ubavuni, mstaafu wa karakana atakusaidia.

Picha zenyewe zinakufa kwa kupendwa. Mwenye nyumba anaogopa itaharibika, anaipeleka kupigwa leminesheni, na joto lile pamoja na gundi vinaimaliza. Haitoki tena humo. Nyingine zimenasa kwenye albamu zenye kurasa za gundi na nailoni. Usivute. Pitisha uzi mwembamba wa nailoni nyuma ya picha taratibu, ukianzia pembe moja, na ikigoma iache, ipige picha kwa simu hapo hapo ilipo. Baridi na unyevu wa Mbeya huzaa ukungu, hasa picha zikiwekwa kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, kwa hiyo bahasha ya karatasi ni bora. Unapoipiga kwa simu, iweke karibu na dirisha kwenye kivuli, zima mwanga wa kamera, simu iwe sambamba na picha, kisha geuza upige na nyuma. Maandishi ya nyuma mara nyingi yana thamani kuliko sura. Ukitaka kuongeza jina la mtu, andika kwa penseli laini, si kwa kalamu ya wino inayopenya upande wa pili. Na ukiituma WhatsApp, itume kama faili. Ukiituma kama picha ya kawaida inabanwa, na ile namba ya kichwa cha treni uliyokuwa unaitafuta inageuka ukungu.

Kwenye mahojiano, kosa kubwa ni kumkalisha mzee sebuleni. Kumbukumbu ya mahali hukaa mahali. Tembea naye taratibu, kama afya inaruhusu, asubuhi kabla upepo haujaanza kuharibu sauti. Simu iweke kwenye mfuko wa juu wa shati lake, ikiwa imekatwa mtandao ili isiite katikati ya maneno. Kila mnaposimama, taja kwa sauti mpo wapi: "Tupo nyuma ya bohari, mlango wa upande wa Tunduma." Bila hivyo, ukisikiliza baada ya miezi miwili utabaki na "hapa palikuwa na choo, pale palikuwa na tangi," na hujui hapa wala pale. Nje ya stesheni, tumia alama za kilomita za reli, zinazohesabiwa kutoka Dar es Salaam. Mti utakatwa, duka litabadili jina, kilomita hubaki. Ila usiingie kwenye njia, daraja wala handaki bila idhini, na hata picha za jengo omba ruhusa kwa mkuu wa stesheni. Ni mali inayolindwa, na wazee wanakumbuka zama ambazo kusogelea daraja tu kulikuwa na maswali. Hilo nalo liulize: nani alilinda daraja, alikaa wapi, alipewa nini.

Kuna vitu vya reli ambavyo viko nje ya reli kihalali na kwa heshima kubwa. Kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini kwenye uwanja wa shule ya msingi, kinachogongwa kwa nondo kuita watoto, kipo katika shule nyingi nchini. Kichunguze kwa karibu. Kwenye ubavu wa reli mara nyingi kuna herufi na tarakimu zilizoinuka, alama ya kiwanda na mwaka wa kufuliwa. Zikiwa zimefunikwa na rangi, weka karatasi nyeupe juu yake, sugua kwa ubavu wa penseli, zitatokea kama sarafu inavyotokea kwenye daftari la mtoto. Tofautisha na vipande vinavyong'olewa njiani usiku na kuuzwa kwa kilo. Hivyo ni hujuma, na kila kipande kinachong'olewa hivyo kinaweza kulaza behewa.

Kwa Mamlaka ya TAZARA na kwa mkandarasi wa ukarabati nina maombi matatu, na hakuna hata moja litakalochelewesha kazi. Kabla ya kusafisha eneo la stesheni yoyote kati ya Makambako na Tunduma, lipigwe picha lote kutoka pembe nne, pamoja na vibanda na miti. Vitabu vya zamani vya stesheni, vile vya kuandikia kupita kwa treni na kupokea mizigo, visichomwe wakati wa kuhama ofisi, vipelekwe Idara ya Nyaraka. Na nyumba zitakazowekewa alama nyekundu ya X kwa kuwa ziko ndani ya hifadhi ya reli, wenyewe waulizwe walifika lini na kwa ruhusa ya nani kabla hazijavunjwa. Baadhi yao huenda ni watoto wa wafanyakazi wa mwanzo, na nyumba hizo ndiyo mabaki pekee ya mtaa ulioizunguka stesheni.

Kijana wa miaka 20 aliyebeba mataruma mwaka 1973 leo amepita 70. Wa kuwaanzia ni hao wa genge, yaani kikosi cha vibarua wa njia, wala si wakubwa wa ofisi, kwa sababu wakubwa waliacha karatasi na wa genge hawakuacha. Kibarua wa genge anajua kona ipi ilikuwa inateleza kila masika, kokoto zilikuwa zinamwagwa wapi, mtaro upi ulizibwa ili kujenga duka. Tembea naye kutoka mwisho wa jukwaa kuelekea Songwe, upande wa nje wa hifadhi ya reli, na usimwongoze. Atasimama mwenyewe mahali ambapo wewe unaona majani tu. Washa simu.